Siku Shangazi Alipotupa Leso Barafuni

Mama yangu ana friza kubwa nyeupe barazani kwake Bamburi. Humo huweka barafu za ukwaju na za ubuyu anazowauzia watoto wa mtaa. Kila baada ya wiki kadhaa huizima, akafunga kanga kiunoni, akachukua mwiko wa mbao na kuanza kukwangua ule ukoko mweupe ulioganda pembeni. Krrr, krrr, krrr. Mwingine akiusikia mlio huo ataona ni kazi ya nyumbani tu. Mimi huacha ninachokifanya nikasimama mlangoni nisikilize, na Mama huniambia kama sina kazi nishike ndoo. Masikioni mwangu huo ni mlio wa chuma cha kiatu kikikata barafu. Nina miaka tisa tena, nimekaa kwenye kiti cha plastiki mjini Riyadh, pua imeniganda, nimebanwa kati ya shangazi yangu na mwanamume mmoja Mkamba aliyevaa fulana ya mikono mifupi.

Najua mtaniuliza, barafu na Uarabuni wapi na wapi. Hata sisi tuliuliza hivyo hivyo.

Tulikuwa tukiishi Jidda, mtaa wa Mahjar, ghorofa ya juu kabisa ya nyumba isiyo na lifti. Chini yetu palikuwa na tanuri la mikate la Myemeni, na joto lake lilipanda ngazi kila alfajiri na kutuamsha kabla ya adhana. Baba yangu, Salim, alikuwa dereva wa familia moja kule Hamra, upande wa baharini, na dada yake, Shangazi Mwanaisha, alikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba hiyo hiyo. Shangazi ndiye aliyetangulia. Alipoingia nyumba ile, Jumana, binti yao mkubwa, alikuwa bado anabebwa. Miaka ikapita, bosi akataka dereva, Shangazi akamwambia kwamba huko Kilifi ana kaka anayeendesha gari la maziwa na hajawahi kumwaga hata tone. Sijui kama ilikuwa kweli. Baba mwenyewe, akiulizwa, hucheka tu. Basi Baba akaja, bosi akawa kafili wake, yaani mdhamini, na baadaye akatusaidia mimi na Mama kupata ikama zetu, vile vibali vya kuishi nchini, tukamfuata.

Siku ya kwanza nilipopelekwa Hamra, nilimkimbilia shangazi yangu nikiita, "Shangazi, Shangazi." Jumana alidhani hilo ndilo jina lake halisi, ambalo kwa miaka yote hiyo lilikuwa limefichwa. Tangu siku hiyo akaacha kumwita Aisha, kama walivyozoea kulifupisha Mwanaisha. Mama yake akafuata, kisha bosi mwenyewe, mzee wa ndevu na shughuli nyingi, akawa anasimama chini ya ngazi akiuliza, "Shangazi, miwani yangu iko wapi?" Baba alikuwa akigeuza uso ukutani asionekane anacheka.

Mambo ya barafu yalianza na joto. Watoto wa Jidda wakati wa kiangazi hawana pa kucheza, kwa hiyo Jumana alipelekwa kwenye jengo moja la maduka lenye uwanja wa barafu ndani, akaburudike. Alipokanyaga barafu mara ya kwanza alikuwa na miaka sita, naye hakutaka kutoka. Kuanzia hapo ikawa desturi: Baba huendesha, Shangazi huketi kwenye benchi na koti la Baba juu ya abaya lake na leso juu ya koti, ameshika viatu vya Jumana mapajani, akinung'unika kwamba Mungu kawapa watu jua lote hili na wao wanajifungia kwenye friji. Aliichukia baridi ile kwa moyo wote. Lakini hakukosa hata siku moja, na kamba za viatu vya Jumana alizifunga yeye, kwa sababu Jumana alisema wengine wote hufunga ovyo.

Kazi yangu mimi ilikuwa ya heshima zaidi. Nilikuwa jaji. Siku za Ijumaa nilipokwenda na Baba Hamra, Jumana alivaa soksi akateleza kwenye sakafu ya marumaru ya sebule ya wageni, akazunguka, akaruka, akainama mwishoni na mkono kifuani. Mimi nilikaa juu ya zulia lililokunjwa, na Shangazi alisimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vumbi. Akimaliza, Shangazi alimpigia makofi ya polepole, ya kishindo, kama anayekung'uta mkeka, nami nilinyoosha vidole vyote kumpa kumi. Nilimpa kumi hata siku aliyogonga meza na kuvunja kile chombo cha kufukizia udi. Shangazi aliniambia jaji wa namna yangu angefukuzwa kazi nchi yoyote.

Jumana alikuwa hodari, lakini alikuwa na donda moyoni. Mwaka uliotangulia alishiriki mashindano madogo pale pale Jidda, akaanguka kwenye mruko wa kwanza. Hakuinuka kuendelea. Alitambaa mpaka ukingoni, akatoka, akapita mbele ya wazazi wake na viatu vya chuma miguuni, akaenda moja kwa moja garini. Muziki wake ulilia peke yake mpaka mwisho. Tangu hapo mruko ule, ambao ulikuwa wa kuzunguka mara mbili hewani, aliufanya mazoezini tu. Watu wakikusanyika kidogo pembeni, aliukwepa.

Basi ikatangazwa kwamba patakuwa na mashindano ya taifa mjini Riyadh, na kocha wake, mama mmoja mrefu kutoka Jojia asiyecheka ovyo, akamwandikisha. Jumana hakukataa. Tatizo likawa nyumbani. Madam, mama yake Jumana, alikuwa na mimba kubwa, daktari amemkataza gari na ndege, na bosi hakutaka kumwacha. Jumana aliposikia hivyo alisema halas, imekwisha, kama wao hawaendi naye haendi. Alijifungia chumbani. Bosi alisimama nje ya mlango akabembeleza hadi akachoka, kisha akasema jambo ambalo Baba alilisimulia nyumbani jioni ile kwa sauti ya bosi: "Shangazi atakwenda. Salim ataendesha. Na jaji wako mchukue."

Mama aliniosha nywele mara mbili.

Tulitoka Jidda asubuhi, baada ya sala. Shangazi alikuwa na kopo la mahamri, chupa ya chai ya tangawizi, na mfuko wa ndimu za kunusa kwa sababu mimi nilikuwa nikitapika garini. Tulipanda milima ya Taif, masikio yakaziba, kisha nchi ikanyooka, mchanga huku na mchanga kule, mara ngamia wamesimama kando ya waya kama wanaosubiri mtu awafungulie. Jumana alivaa vipokea sauti masikioni na kusikiliza muziki wake, wimbo wa oud usio na maneno, na vidole vyake vikacheza programu nzima juu ya goti. Kila vilipofika mahali fulani vilisimama kidogo. Mimi nilijua ni wapi. Ni pale pa mruko.

Riyadh tulifika jua likiwa linashuka. Sisi wanawake tulilala hotelini alikolala kocha, na Baba akaenda Suwaidi kwa rafiki yake Kioko, dereva mwenzake waliyejuana siku za mwanzo walipokuja nchini. Kesho yake, Ijumaa, Kioko alikuwa na mapumziko, akasema naye atakuja kuona huo mchezo. Baba alimwonya avae nguo nzito. Kioko akajibu kwamba amewahi kuishi Limuru mwaka mzima na baridi haimtishi.

Nje siku ile jua lilikuwa linachoma soli za viatu. Tulipopita milango miwili ya ule uwanja, baridi ilitupiga usoni kama mtu aliyetumwa. Harufu yake naikumbuka mpaka leo, mchanganyiko wa maji baridi, mpira wa sakafuni na bisi za siagi, na juu ya hayo yote udi wa akina mama waliojaa viti vya mbele. Walikuja wamejiandaa kuliko sisi. Walikuwa na mablanketi, birika za kahawa ya iliki na visahani vya tende. Bibi mmoja mzee alikuwa ameshika tasbihi, na kila mtoto aliyeingia barafuni, awe wake au wa mtu, alimwombea kwa sauti asianguke. Vitoto vya kike vilivyovaa nguo za kumetameta vilikuwa vikikimbia kwenye ngazi, na vingine vilikumbatia vidubu vya manyoya.

Kioko alikaa. Baada ya muda mfupi akaweka mikono kwapani.

"Salim," akasema, "hii si baridi. Hii ni mochari."

"Nilikwambia."

"Uliniambia nguo nzito. Hukuniambia nikuje na jiko."

Shangazi alimtazama akatikisa kichwa, akavua leso yake iliyokuwa juu ya koti, akamtupia. Ilikuwa leso nyekundu na nyeusi, kubwa, iliyolainika kwa kufuliwa. Kioko akajitanda mpaka kichwani, ikabaki pua tu. Wanawake wawili waliokuwa mbele yetu waligeuka, wakamwona, wakageuka tena upesi na mabega yao yakaanza kutikisika.

Kabla ya wasichana wa rika la Jumana kuingia, liliingia lile gari la kulainisha barafu, kubwa na la mraba, likawa linakwenda mzunguko baada ya mzunguko, nyuma yake likiacha njia inayong'aa. Hapo ndipo Baba na Kioko waliposahau mchezo. Walisogea mbele ya viti vyao. Baba alisema tairi zake lazima zina misumari midogo. Kioko alisema shida si tairi, shida ni kona, angalia vile anakata kona bila kuacha hata mstari. Walibishana kama ni dizeli au umeme. Gari lilipotoka, Kioko alipiga makofi, mtu pekee katika uwanja mzima.

"Hiyo kazi ningeifanya bure," akasema.

Ndipo kocha alipokuja. Alisimama mwisho wa safu yetu, akamwita Shangazi kwa kidole. Kwa Kiarabu chake cha kukatakata alisema, "Jumana anakataa kutoka." Shangazi aliinuka, nami nikamfuata kwa sababu hakuna aliyeniambia nisimfuate.

Jumana alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ameketi kwenye benchi, amevaa gauni lake la zambarau la mikono mirefu. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu cha chuma, mwingine una soksi. Uso wake ulikuwa umepakwa rangi za kupendeza na chini ya rangi hizo alikuwa mweupe kama chokaa. Kwa lugha yetu ya nyumbani, Kiarabu na Kiswahili vilivyopikwa chungu kimoja, alisema:

"Shangazi, mwambie Salim alete gari mlangoni. Aache injini ikinguruma."

"Kwa nini?"

"Nikianguka nataka kuondoka hapo hapo. Sitaki kumwona mtu."

Nilitegemea Shangazi ambembeleze. Alikuwa hodari wa kubembeleza. Badala yake alisema, "Sawa. Nitamwambia. Gari litakuwa mlangoni. Lakini mimi sitakuwemo."

Jumana akainua uso.

"Mimi nimetoka Jidda kuja kutazama," Shangazi akasema. "Jina lako likiitwa nitakuwa kwenye kiti changu, na nitatazama mpaka muziki wako uishe. Ukiwepo nitakutazama wewe. Usipokuwepo nitaitazama barafu. Muziki ukiisha nitapiga makofi, nimeshakuja."

"Utapigia makofi barafu tupu?"

"Nitaipigia. Watu wataniona mwendawazimu. Wewe utakuwa garini, utamweleza Salim ilikuwaje."

Jumana alinigeukia mimi. "Na wewe, jaji?"

Nikasema ukweli niliokuwa nao. "Barafu nitaipa kumi."

Alicheka. Kilikuwa kicheko cha puani, kibaya, chenye kamasi, na Shangazi alilazimika kumfuta kwa ncha ya mtandio wake ili rangi zisiharibike. Kisha Jumana akanyoosha ule mguu wenye soksi. Shangazi akapiga magoti sakafuni, akamvalisha kiatu, akaanza kufunga kamba, akivuta kila tundu, akiuliza, "Hapa? Hapa je?" kama nilivyomsikia akiuliza mara zote pale Jidda. Baba hakuambiwa kuhusu gari. Nilipomkumbusha Shangazi tukiwa tunapanda ngazi, alinitazama kama mtu aliyesikia redio ya jirani.

Jina lake likaitwa. Jumana akateleza hadi katikati, mdogo kuliko nilivyomjua, akasimama na mkono juu. Oud ikaanza.

Mwanzo ulikuwa mzuri sana. Alipinda, akazunguka, akapita mbele yetu tukausikia ule mlio wa krrr chini ya miguu yake. Kioko, ambaye hadi hapo alikuwa akitangaza kila kitu kwa sauti ya chini kama mtangazaji wa mpira, alisema, "Sasa anatafuta spidi. Anatafuta spidi. Anaingia gia ya tatu." Kisha akanyamaza, maana hata yeye aliona kwamba jambo linakuja.

Akaruka, na akaanguka.

Hakuanguka vizuri kama wale wanaoinuka papo hapo. Alikwenda kwa ubavu, akasota mbali, akabaki ameketi. Uwanja mzima ulivuta pumzi. Yule bibi mwenye tasbihi alisema, "Ya Rabb." Muziki haukumsubiri. Nilimwona Jumana akigeuza shingo kuutazama mlango mdogo wa ukingoni aliposimama kocha wake. Nilijua anapima umbali. Mikono yangu ilikuwa mdomoni.

Hapo Shangazi alisimama. Hakuita, hakupunga mkono. Alianza kupiga makofi yake yale ya polepole, ya kukung'uta mkeka, pah, pah, pah, akiitazama barafu kama alivyoahidi. Watu waligeuka kumtazama. Baba alivuta koti lake kidogo kutaka kumkalisha, kisha akaliachia. Mimi nikasimama juu ya kiti nikanyoosha vidole kumi.

Sijui kama Jumana alituona au alisikia tu. Najua kwamba aligeuza uso kutoka kule mlangoni, akautafuta upande wetu, na akakaa hivyo kwa muda niliouona kama mwaka. Kisha akaweka goti, akaweka mguu, akainuka. Alikung'uta gauni lake mara moja, kama mwanamke aliyetoka kupepeta unga, akaudaka muziki mahali ulipofika.

"Gari imewaka," Kioko akasema. "Salim, gari imewaka."

Yaliyofuata nayakumbuka vipande vipande. Nakumbuka alivyopita tena mbele yetu, amefumba midomo. Nakumbuka mzunguko wa chini, amekaa kwa mguu mmoja kama kuku. Nakumbuka alivyofika karibu na mwisho, mahali ambapo ilipaswa awe na mruko mwepesi, akachukua mbio ndefu kuliko ilivyohitajika, na kocha akashika kichwa kwa mikono miwili, na Jumana akauruka ule ule. Mara mbili hewani. Akatua kwa mguu mmoja, mgongo umepinda kidogo, mkono mmoja umekosea, lakini akatua, na akaendelea kurudi nyuma taratibu na mdomo wazi kama mtu asiyeamini aliko.

Shangazi alipiga kigelegele. Hakuwahi kupiga kigelegele Saudia, si mbele yangu. Kilitoka kikali, cha Kilifi kabisa, cha harusi, na kabla hakijaisha wanawake wa viti vya mbele walikidaka kwa namna yao, ulimi upande, na yule bibi naye, tasbihi mkononi. Uwanja ukalia.

Watoto wakaanza kurusha vidubu vyao barafuni. Ni desturi ya mchezo ule, mtu akikufurahisha unamtupia kitu. Shangazi alitazama vile vidubu vinavyoruka, na mimi nikamwona akielewa. Kwetu mpiga ngoma akikupendeza unamtunza, na mtu hatunzi kwa mikono mitupu. Alijipapasa. Hakuwa na kitu. Akageuka, akaishika leso kichwani mwa Kioko, akaivuta.

"Dada Mwanaisha, nakufa," Kioko akasema.

Leso ilipaa. Ilifunguka hewani yote, nyekundu na nyeusi, ikashuka polepole mbele ya Jumana. Kitoto kilichotumwa kuokota zawadi kilikifikia kile kitambaa kikasimama, hakijui kama ni zawadi au ni uchafu. Jumana mwenyewe akainama akakiokota. Akajitanda mabegani, akatoka nacho, akaketi nacho kwenye benchi la kusubiria alama, kocha upande mmoja. Na kamera ikamkaribia, na kwenye skrini kubwa iliyoning'inia juu ya uwanja wakatokea Jumana, kocha na leso, na mbele kifuani, kwa herufi ndefu kama mkono wangu, maandishi ya leso.

Hapa lazima niwaeleze. Leso ile Shangazi aliinunua likizoni Kilifi kwa ajili ya jirani yake mmoja. Maneno yake yalikuwa ya kumsuta mwanamke ambaye macho yake yamechoka kwa kuchungulia ya watu na mdomo wake haujui likizo. Nimeyapunguza ukali. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimulika juu ya akina mama, waamuzi na wageni waheshimiwa wa viti vya mbele.

Kutoka ngazi za nyuma yetu tukasikia kicheko. Mwanamke mmoja mfanyakazi wa usafi, Mkenya, alikuwa ameketi kwenye ngazi na mopu yake, akicheka mpaka anafuta machozi kwa glavu. Alipopata pumzi alitusogelea.

"Mama," akamwuliza Shangazi, "nani alikukosea hivyo?"

"Jirani yangu wa Kilifi," Shangazi akasema, macho bado kwenye skrini.

"Basi leo amepatikana."

Jumana hakukaribia medali. Waliokuwa chini yake kwenye orodha ya alama walikuwa wawili tu, na mmoja wa hao alikuwa na mafua. Lakini alipotoka kwenye benchi alitembea kama mtu mrefu. Madam alipiga simu papo hapo, alikuwa ameangalia kwenye simu kule Jidda, alilia, akacheka, akaongea na bintiye kwa muda mrefu, kisha akataka kuongea na Shangazi. Sauti ikatufikia sote.

"Shangazi, kile kitambaa kimeandikwa nini?"

"Hongera, madam."

"Maneno yote yale ni hongera?"

"Hongera sana, madam."

Kesho yake asubuhi tulianza safari ya kurudi. Kioko alikuja kutuaga hotelini amevaa sweta, ndani ya lile joto, na hakutaka kuulizwa. Garini Shangazi aliketi mbele na Baba. Nyuma tulikuwa mimi na Jumana, Jumana kajifunga leso kiunoni, kwa sababu Shangazi alikuwa amemwambia iwe yake, na pia alikuwa amemwambia maana yake halisi, na kila baada ya kilomita kadhaa alikuwa anaikumbuka na kuanza kucheka upya.

Riyadh ilipobaki nyuma kabisa, simu ya Shangazi iliita. Aliongea kwa sauti ya chini, kichwa kimeegemea dirisha. Muda mwingi alikuwa anasikiliza. Mara akasema, "Rudia." Baada ya kitambo, "Rudia pale pa mwisho, sauti ipande." Mimi nilikuwa nimeshika ndimu yangu puani, nikadhani ni mambo ya watu wazima. Kisha, bila ya onyo, akapiga kigelegele mle ndani ya gari. Baba alishtuka hadi gari likayumba. Jumana alidhani bado anashangiliwa yeye. Akainuka nusu kwenye kiti, akainamisha kichwa, mkono kifuani, kama alivyofanya barafuni, akacheka. Nami nikampa kumi.

Mimi na Mama tulirudi Kenya nilipomaliza shule ya msingi, na Baba akafuata baadaye. Shangazi alirudi wa mwisho. Anaishi Kilifi, anafuga kuku, na yule jirani sasa ni rafiki yake. Binti yake Riziki, ambaye alilelewa na bibi muda wote mama yake alipokuwa Jidda, ni mwalimu. Ana umri sawa na Jumana.

Mwaka huu nilikuwa kwake Riziki tukichambua mchele, nikamsimulia habari ya leso kwa kumchekesha. Alicheka sana hadi nilipofika pale pa garini. Akaacha ungo.

"Jumamosi hiyo," akasema, "ni mimi niliyepiga."

Akanieleza. Ijumaa ile ile ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwao. Alichaguliwa kusoma shairi mbele ya shule nzima, alilolitunga mwenyewe, juu ya punda wa babu aliyekataa kuvuka daraja. Aliyekuja ni bibi, naye alisinzia. Kwa hiyo kesho yake aliazima simu ya mwalimu, akamsomea mama yake shairi lote, mara tatu, kwa sababu kila akimaliza mama yake alisema arudie.

Nilikaa na punje za mchele kiganjani. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekihesabu kigelegele kile kuwa mkia wa furaha ya jana yake. Mtoto wa miaka tisa huona mtu mzima mmoja, anayefunga kamba za viatu, anayebeba mahamri, na haimpitikii kwamba mtu huyo ana mahali pengine alipopaswa kuwa saa ile ile. Shangazi hakulisema jambo hilo Ijumaa ile, wala hakulisema baadaye. Pale uwanjani alimpa Jumana alichokuwa nacho, chote, bila kukipima. Kesho yake, kando ya barabara ya mchanga, akamtafutia Riziki kingine, na ni wao wawili tu kwenye simu ile waliojua kigelegele kile ni cha nani.

Nilimwuliza Riziki kama iliuma.

"Iliuma," akasema. "Lakini nilisoma mara ya tatu kama natangaza matokeo ya uchaguzi. Na nilimsikia mtu anacheka nyuma. Nilikuwa nikijiuliza ni nani."

"Ni Jumana. Alidhani ni kigelegele chake. Aliinama akashukuru."

Riziki alinitazama, kisha akaanza kucheka, polepole, mpaka ungo ukatikisika.

"Ukiongea naye," akasema, "mwambie anirudishie."

Jumana siku hizi anafundisha watoto kuteleza, pale pale Jidda. Nilimwandikia jioni ile, nikamweleza yote. Hakunijibu kwa maandishi. Kesho yake ilikuja sauti iliyorekodiwa, jina la Riziki limetajwa mwanzoni kwa matamshi ya Kiarabu, na nyuma yake vicheko vya watoto na mlio wa vyuma barafuni. Kisha kikaja kigelegele, kirefu, cha kwao, ulimi upande. Riziki alikisikiliza mara mbili kwenye simu yangu, akiwa amesimama jikoni kwake. Mara ya pili aliinamisha kichwa, mkono kifuani.